Kaseti ya Casimir

Hilaire alikuwa na baa hapa Likasi, na nyuma ya baa redio ndogo ya FM. Bia ilipoacha kufika mjini, akaokoka. Sisemi Mungu hakumwita. Nasema tu alimwita friji zilipokuwa tupu. Akatangaza kwamba redio itapiga nyimbo za Mungu peke yake, na Camille, aliyeendesha mashine na kupiga rumba, atafute kazi kwingine.

Camille ana watoto. Mume wangu Casimir alipofariki, Camille ndiye aliyesoma tangazo la msiba kutwa nzima, mpaka ndugu wa kule Kamatanda wakasikia na kuja na unga na kuni. Hakutaka kitu. Mtu wa namna hiyo hafukuzwi.

Hilaire akakusanya mbele ya baa kila kaseti ya redio yenye jina la orkestra, ili azichome. Miaka ile kaseti mpya hazikupatikana. Kwaya zetu zote zilirekodi juu ya kaseti za zamani za dansi, na jina la orkestra lilibaki palepale juu yake. Kila mtu alijua, isipokuwa huyu aliyeokoka juzi.

"Hilaire, mutoto yangu," nikamwambia, "sikiliza kwanza, mbele ya kuchoma. Mule muko kwaya."

"Nkambo, shetani hatumusikilizake," akanijibu, akiniita bibi kama mji mzima.

Akawasha kiberiti. Akasimama kifua mbele katika moshi wa plastiki, akiteketeza zaburi moja baada ya nyingine. Kufika jioni hakuwa na wimbo wa Mungu hata mmoja.

Kesho yake akaja kwangu, kofia mkononi.

"Nkambo, banasema uko na kaseti ya kwaya ya marehemu."

"Niko nayo."

"Uniazime."

"Na Camille?"

"Camille ni muntu ya dunia."

"Aya. Kamata."

Kwaya ya Casimir haikuimba mpaka mwisho wa kaseti. Baada yake dansi ya zamani ilibaki. Sikumwambia. Hakuniuliza.

Jumapili nilimwita Camille tule bukari, ugali wetu, redio ikiwa wazi. Sauti nzito ya Casimir ikaingia nyumbani kama aliyetoka kazini. Camille akaacha kula, akaniangalia, akaongeza sauti kidogo. Amina ikaisha. Gitaa likaingia.

"Hii kintu banaizimaka wapi?" Hilaire aliuliza hewani, mbele ya mji mzima. Tukasikia vitu vikianguka. Rumba iliendelea. Nje, mama wa jirani aliweka ndoo chini, akaanza kucheza.

"Camille," redio ikasema, "kama unanisikia, kuya."

Camille akainuka.

"Nkambo, niende?"

"Ikala. Maliza bukari yako."

Akakaa. Nikamwongezea mboga ya sombe. Gitaa lilikuwa tamu. Casimir mwenyewe alilipenda.

"Camille," redio ikasema tena, polepole sasa, "kazi ni yako. Bantu bote banasikia."

Nikampa maji ya kunawa.