Nyumba Iliyorukwa

"Mama Vicent, kwenye ile sala yenu ya Baba Yetu, pale pa kusamehe, wewe unapapitaje?"

Aliyeniuliza hivyo ni Kulsumu, jirani yangu hapa Mollo. Yeye ni Mwislamu, anauza dagaa ambao mumewe Rahim anawaleta kutoka Kasanga, na kati ya jiko lake na uwanja wangu kuna ua wa matete tu. Siku hiyo alikuwa ananipimia kopo moja. Nikamwambia sijamwelewa. Akasema kila jumuiya yetu inaposali kwangu yeye yuko jikoni anakoroga uji, na sauti yangu anaijua kuliko zote, ila tukifika hapo pa kusamehe haisikii. Inarudi tukishafika kwenye kishawishi.

Nikasema ni koo.

"Koo gani hilo linauma mstari mmoja?" Akaongeza dagaa kiganja kizima juu ya kopo, ili nisikasirike.

Nilikasirika, na dagaa nikawachukua.

Mimi ni mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna. Tuko familia kumi na moja. Kila Jumamosi asubuhi tunasali kwenye nyumba moja, na nyumba zinapokezana. Mwenye zamu anatandika kitambaa cheupe mezani, anaweka msalaba na mshumaa, anaazima viti kwa majirani. Sala ikiisha, mwenyekiti anasimama na kutangaza Jumamosi ijayo ni kwa nani. Kazi hiyo ni yangu tangu kabla mume wangu Kornel hajafariki.

Kornel aliacha maksai wawili, Shupavu na Sultani, na jembe lao la kukokota. Siku ya arobaini, watu wakiwa bado wanakunywa togwa, mdogo wake Teodori aliingia zizini akawafungua. Alisema ng'ombe ni wa ukoo, na mwanamke hana kazi na maksai. Vicent wangu alikuwa shuleni bado. Tangu hapo nalima kwa jembe la mkono. Nafukia majani kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo waliyolimia bibi zetu, na nikiinua mgongo naona Shupavu anapita na jembe kwenye shamba la chini.

Kwenda kushtaki sikwenda. Nilisema namwachia Mungu, na watu wakanisifu.

Ila zamu ya kwenda kwa Teodori ilipofika, nilitangaza nyumba inayofuata. Mara ya kwanza nilikuwa na sababu, njia ya kwake ilikuwa na tope. Mara ya pili nilisema mke wake ana mgeni. Mara ya tatu sikusema kitu, na hakuna aliyeuliza, maana habari ya maksai kila mtu aliijua. Wao waliendelea kuja kwenye nyumba za wenzao, miezi kadhaa. Halafu wakaacha. Mtu ambaye hamwendi kwake, mwisho naye haji kwenu. Nami kila Jumamosi nikawa naandika kwenye daftari, mbele ya jina la Teodori: hawakufika. Na kweli walikuwa hawajafika. Miaka minne niliandika hivyo kwa moyo safi kabisa.

Wiki moja baada ya swali la Kulsumu, Clemens, katekista wa kigango chetu, alinikuta napepeta maharage. Alisema binti wa Teodori, Anjela, amepata mchumba fundi pikipiki wa Kizwite, na wanataka ndoa itangazwe kanisani. Padre hatangazi bila barua ya jumuiya inayosema kama familia inashiriki. Alinipa karatasi.

"Andika unachokijua, mama," akasema. "Usimwogope mtu."

Jioni hiyo hiyo nikaandika kwamba familia ya Teodori haishiriki jumuiya. Ulikuwa mstari mmoja tu. Nilirudia kuusoma, nikaona hauna uongo hata mahali pamoja. Karatasi nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo nimpe Clemens Jumapili.

Jumamosi zamu ilikuwa kwangu. Tukasali, tukafika kwenye Baba Yetu. Sasa kwa kuwa nilishaambiwa, nilijisikiliza. Nikasikia wenzangu wote wanasema, na mimi mdomo unacheza, sauti haitoki. Ng'ambo ya matete Kulsumu akakohoa. Sijui kama ulikuwa moshi. Mwendo ule wa mwiko kwenye sufuria ulikuwa umesimama.

Watu walipoondoka nilitoa ile karatasi nikaitia jikoni kwenye moto. Nikaandika nyingine kwenye ukurasa wa daftari, nayo ilinichukua hadi maharage yakakaribia kuungua.

Jumapili Clemens hakuwepo kigangoni, barua ikabaki kwenye kitabu cha nyimbo. Jumatatu Teodori mwenyewe akaja. Ilikuwa mara ya kwanza anakanyaga uwanja huu tangu siku ya arobaini. Alivua kofia mlangoni, akasema Tumsifu Yesu Kristu, nikamwitikia Milele amina, nikampa kigoda. Tuliongea habari za mvua zinazokaribia, na panya wanaokula mahindi ghalani. Halafu akasema alichokuja nacho. Anaelewa kwamba nimeumia. Sultani amezeeka, ila Shupavu bado ana nguvu, na msimu wa kulima ndio huo unafika. Yeye anaweza kumrudisha kesho, na kuna jirani mmoja ana dume asiye na mwenzake, tuwafunge nira pamoja. Mimi niandike barua vizuri, yaishe.

Sitasema sikumtaka Shupavu. Mgongo wangu ulimtaka kabla yangu mimi. Moyoni nilikwisha kumwona anapita mlangoni, nikamsikia hata pumzi.

"Barua nimekwisha iandika, shemeji," nikasema.

Akauliza imesemaje. Nikaitoa kwenye kitabu cha nyimbo, nikamsomea mwenyewe, maana macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo. Niliandika kwamba familia ya Teodori haikuhudhuria jumuiya kwa muda mrefu, na sababu ni mwenyekiti, Kristiana, ambaye aliiruka nyumba yao kwenye zamu miaka minne kwa hasira yake mwenyewe. Kwamba binti Anjela hana kosa katika hilo. Kwamba Jumamosi ijayo jumuiya itasali nyumbani kwao, kama watatupokea.

Teodori alizungusha kofia mkononi. Akaniambia padre akisoma hiyo, uenyekiti sina.

"Hilo ni la padre."

"Na maksai mle hukuwaandika."

"Hawamo. Humo nimeandika langu."

Akanitazama kama mtu anayetafuta mtego ulikotegwa. Akasema basi Shupavu atamleta kesho, kama alivyoahidi, tusije tukadaiana maneno. Hapo ndipo nilipopata shida kuliko siku zote hizi.

"Kesho usimlete, shemeji. Barua siiuzi kwa ng'ombe. Ukija kumleta, uje siku nyingine, kwa sababu ni wa nyumba hii, siyo kwa sababu ya Anjela."

"Na nisipomleta?"

"Jumamosi tutakuja kusali hivyo hivyo."

Hakuniuliza kama nimemsamehe, na mimi sikusema, kwa kuwa sikuwa na hakika ningesema kweli. Nje Kulsumu alikuwa anaita kuku wake. Teodori akainuka kwenye kigoda. Akaichukua barua ampelekee Clemens, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kofia, akaivaa. Akainama kidogo kwa sababu mlango wangu ni mfupi, akatoka.