Mstari Uliovuka Barabara

Mashine ya fundi rangi ya kupashia stika iliungua asubuhi, akavuka barabara kuazima drai ya nywele kwa msusi. Kubandua stika ya miaka sita hakutaki pupa: unaipasha moto mpaka ilainike, unanyanyua ncha kwa ukucha, kisha unavuta taratibu ukiilaza nyuma, isije ikakatika na kukuachia gundi. Msusi alimpa drai, akamwonya tu asiiweke namba tatu, inanuka.

Gari lilikuwa na stika ya mstari mmoja mwekundu kila ubavu. Aliyelileta, bwana mwenye shati lililonyooshwa kupita kiasi, alitaka liwe jeupe kufikia Ijumaa. "Ni la marehemu kaka yangu," alisema. "Nalitunza."

Mstari wa kushoto ulitoka bila ubishi. Wa kulia nao ulitoka, ila haukuisha. Ubavu wa gari haufiki mita tano. Kufikia saa nne fundi alikuwa amevuta ishirini na bado unakuja tu, mwekundu kama uliobandikwa jana. Karakana ni finyu, akausukumia nje. Mstari ukasubiri lori lipite, ukavuka barabara, ukapanda ngazi mbili za saluni na kujikunja miguuni pa msusi.

Msusi aliutazama, akamaliza kwanza kichwa cha mteja.

"Kumbe shemeji yangu amekuletea gari," alimwambia fundi, aliyeufuata mstari mpaka mlangoni.

"Sikujua ni lenu, dada."

"Mume wangu aliubandika mwenyewe, kwa drai hiyo hiyo. Gari ndilo lilikuwa linatulisha. Siku ya mazishi shemeji akaomba funguo, alisogeze kivulini." Aliondoa nywele zilizobaki kwenye kitana. "Mpaka leo anatafuta kivuli."

Fundi aliona aibu, akakosa pa kuweka mikono. Alimpigia simu mwenye shati, akamweleza yote, pamoja na urefu.

"Si ukate?" bwana alijibu. "Ijumaa iko palepale."

Fundi alisimama na wembe mpaka chai yake ikapoa. Kisha akakata, akafuta gundi, akapiga msasa na rangi.

Ijumaa gari liliondoka jeupe pe. Msusi alikuwa ameufunga mstari wake uani, toka dirishani hadi kwenye nguzo, akaanika taulo za saluni. Zinakauka hata mvua ikinyesha.

Fundi aliifuta drai vizuri, akairudisha.

"Imekusaidia?" msusi aliuliza.

"Imenisaidia, dada."