Viazi vya Mithali

Jumatatu moja ya Julai mwaka 1957, kwenye shamba la mzungu kati ya Keringet na Kuresoi, Nanyama alichimbua kiazi, akakipangusa kwa pindo la leso na kukuta kimeandikwa. Herufi zilikuwa nyeusi, ndogo, zimenyooka vizuri. Ulikuwa mstari wa kwanza wa kitabu cha Mwanzo, na namba yake ipo pembeni. Kiazi kilichofuata kilikuwa na mstari wa pili. Alivitia vyote kwenye debe akaendelea kuchimba, kwa sababu kulikuwa na baridi, na saa moja na nusu chuma kingegongwa watu waende kuchuma pareto.

"Mama, hizi viazi za Mzee zimeandikwa," alisema alipofikisha debe jikoni.

Jelagat, mwenye jiko, aligeuza kimoja mkononi. "Zikichemka itatoka," alisema.

Haikutoka. Waliovila siku hiyo walisema vilikuwa vya kawaida.

Shamba hilo la viazi, nusu ekari, lilikuwa la mume wa Jelagat, Mzee Micah Kosgei, mzee wa kanisa la kijiji cha wafanyakazi. Yeye mwenyewe hakulilima. Lililimwa na wageni, kila siku alfajiri kabla ya kazi ya mzungu, na Jumamosi kutwa, bila malipo. Mgeni alikuwa mtu yeyote aliyefika kwenye shamba la mzungu baada ya Kosgei, na Kosgei ndiye aliyetangulia kufika. Nanyama alikuwa amekaa miaka mitatu, yeye na mabinti zake wawili, tangu mumewe afe huko Kimilili, na bado alikuwa mgeni. Andiko halikusema ugeni unaisha lini.

Maana lilikuwepo andiko. Ujanani Kosgei alikuwa msaidizi jikoni katika hoteli moja mjini Nakuru, chini ya mpishi kutoka pwani aliyejua methali nyingi kuliko mapishi. Baadaye Kosgei akabatizwa, akapewa Biblia mpya, akaifungua mara moja, katikati, na kuona juu ya ukurasa pameandikwa kwa herufi kubwa: MITHALI. Akaifunga kwa furaha. Hakuona haja ya kujisumbua na kitabu anachokijua tayari kwa moyo. Ni herufi moja tu inayotofautisha maneno hayo mawili, na watu wenye akili kumzidi wamewahi kupotelea mahali padogo zaidi.

Tangu hapo alihubiri kwa raha. Siku ya sadaka alisema haba na haba hujaza kibaba, Mithali thelathini na saba. Vijana aliwaambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Mithali thelathini na tisa. Na kila familia mpya iliposhuka kwenye lori na sufuria zake, aliikaribisha kwa uji, akangoja siku ya tatu, kisha akaja na jembe begani na kusema kwa upole: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mithali arobaini. Watu waliitikia Amina. Waliojua kusoma walikuwepo, lakini kusoma Biblia ilikuwa kazi ya Kosgei, kama vile kukamua ilivyokuwa kazi ya wakamuaji. Mkristo anayengoja Jumapili atafuniwe ndiye huyo. Hajui kama kinachotafunwa ni nyama au ni kamba.

Jinsi maneno yalivyofika shambani si jambo la kuumiza kichwa. Mwezi wa Januari, Jelagat alitaka nafasi mezani ya kuweka vikombe, akaichukua Biblia na kuilaza ghalani juu ya magunia ya mbegu. Ilikaa huko wiki tisa. Kila Jumapili Kosgei aliifuata, akaishika juu kanisani, akairudisha bila kuifungua. Maneno yakikaa sana bila msomaji hutafuta pa kwenda, na mbegu za viazi zilikuwa karibu. Zilipopandwa mwezi wa Machi zilipandwa kwa mpangilio wa magunia, ndiyo maana Mwanzo ilikuwa langoni na Ufunuo ilikuwa kwenye ua wa mwisho, upande wa mtoni.

Kufikia mwisho wa Julai kijiji kizima kilijua tabia ya kila kitabu. Mambo ya Walawi yalikuwa na maji mengi. Mambo ya Nyakati yalikuwa viazi vidogo kama gololi, vingi ajabu, kila kimoja kina majina ya watu, na wanawake walivimenya kwa manung'uniko. Zaburi zilikuwa na unga, tamu hata bila chumvi. Mtu mmoja aliiba Ufunuo kabla ya wakati wake, akauchemsha kutwa nzima, na haukuiva.

Nanyama alikuwa na shida iliyomnyima usingizi, na haikuhusu maandishi. Mzungu alikuwa amemruhusu kila mfanyakazi kulima kishamba kidogo nyuma ya nyumba yake. Kishamba cha Nanyama kilikuwa pori. Mnyapara alikuwa ametangaza kwamba kishamba kitakachofika mwisho wa Agosti bila kupandwa kitachukuliwa na kupewa mwenye nguvu za kukilima. Nguvu Nanyama alikuwa nazo. Siku ndiyo hakuwa nayo. Alfajiri ilikuwa ya Kosgei, mchana ulikuwa wa pareto, Jumamosi ilikuwa ya Kosgei tena, na kulima Jumapili ilikuwa dhambi. Bila kishamba, mabinti zake wangekula posho ya mzungu peke yake, nayo iliisha kila tarehe ishirini.

Alimwendea Kosgei akamkuta barazani na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa.

"Mzee, nilikuwa naomba Jumamosi mbili tu. Nipande kabla mvua ikatike."

"Mama Naliaka," Kosgei alisema kwa huruma, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa, "kama ni mimi ningekupatia leo. Lakini si mimi nimesema. Ni Neno. Mithali arobaini."

"Na hii jembe pia haina makali."

"Mchagua jembe si mkulima. Mithali arobaini na moja."

Nanyama alirudi nyumbani akifikiri. Darasa la ubatizo huko Kimilili lilikuwa limemfundisha kusoma, na kwa miaka mitatu alikuwa hajasoma kitu ila mifuko ya mbolea. Kama amri inayomfunga imo kwenye Mithali, na Mithali imo kwenye udongo, basi ataikuta. Kama haimo, atalijua hilo pia.

Kuanzia siku hiyo alifika shambani kabla ya wenzake na kuondoka wa mwisho. Alipita Zaburi kwa wiki mbili, na hakuna aliyewahi kuzipita haraka hivyo. Alipoingia Mithali akapunguza mwendo. Kila kiazi alikipangusa, akakisoma mara mbili, akakipanga kwenye gunia kwa sura. Alisoma juu ya chungu na mvivu. Alisoma juu ya mizani ya uongo. Vingine vilimchekesha pale alipochutama, na kimoja juu ya kukaa na mke mgomvi alikipeleka kwa Jelagat, aliyekitazama kidogo na kukimenya. Usomaji ulimpendeza kuliko alivyotarajia, na ilimkasirisha kwamba umempata akiwa na jembe butu la mtu mwingine mkononi. Kosgei alimsifu kanisani kwa bidii yake. Alisema mama huyu amelishika Neno.

Wiki ya pili ya Agosti alimaliza sura ya thelathini na moja. Kiazi kilichofuata kilikuwa cha Mhubiri. Alichimba kushoto na kulia kwa hatua tano, akakuta Mhubiri tu. Hapakuwa na sura ya arobaini. Hapakuwa hata na ya thelathini na mbili. Katika Mithali yote mlikuwa na viazi mia tisa na kumi na vitatu, na hakuna kilichompa mgeni jembe. Alikaa chini kwenye udongo akacheka peke yake, kisha akapeleka maneno kwa wazee wa kanisa.

Wazee walikaa nyumbani kwa Kosgei Jumapili baada ya ibada. Walikuwa watatu: Kosgei mwenyewe, Hezekiah Odero karani wa maziwa, na mzee mwingine aliyekubaliana na kila aliyesema mwisho. Nanyama alimimina magunia sakafuni na kueleza. Mvua ilikuwa ikinyesha nje, ile nzuri ya taratibu inayotakiwa na mbegu.

Hezekiah alikuwa mtu wa haki na alipenda kazi ifanywe kwa utaratibu. Alihesabu viazi vyote upya. Vikawa mia tisa na kumi na vitatu.

"Hapa kuna shida," alisema. "Sura ya kumi na moja imekosa moja, na ya ishirini na saba imekosa moja."

"Ndiyo, Mzee. Ya kumi na moja sikuiona. Ile nyingine nilimpelekea Mama Jelagat, akaimenya."

Hezekiah alivitazama viazi tena. "Jumatano nilikula mbili hapa kwa Mzee Kosgei," alisema. "Sikusoma. Nilikuwa na njaa."

"Hata hivyo si za arobaini," Nanyama alisema. "Namba zake zinajulikana, kwa sababu ndizo haziko."

"Utajuaje na ziko tumboni?" aliuliza Kosgei, bila ubaya wowote.

Hezekiah alishauri wafungue kitabu chenyewe, maana viazi ni viazi. Biblia yake yeye ilikuwa nyumbani kwao Yala, ndani ya sanduku, na ufunguo alikuwa nao mama yake, isije ikachakaa. Basi ikaletwa ya Kosgei. Wakaifungua katikati, kisha mbele, kisha nyuma. Kurasa zote zilikuwa nyeupe pe.

"Unaona vile nimeitunza," Kosgei alisema.

Wenzake wawili walikubali kwamba haikuwa na doa.

Nanyama aliinama akaokota kiazi kimoja sakafuni. Kilikuwa kikubwa, cha sura ya ishirini na tatu, mstari wa kumi, kile kinachokataza mtu kusogeza mpaka wa zamani au kuingia katika shamba la yatima. Alikisoma kwa sauti, pole pole, kisha akasema, "Wazee, watoto wangu hawana baba. Mimi naomba Jumamosi mbili."

Hezekiah alikipima kwenye kiganja. Alionekana kuguswa. "Hii ni kubwa kweli," alisema, na kukiweka kwenye kikapu cha Kosgei, kwa sababu kilitoka shambani kwa Kosgei.

Walimwambia atoke kidogo wajadiliane. Alipoitwa tena, Hezekiah alisoma uamuzi kutoka kwenye kidaftari. Wazee wamemshukuru Mama Naliaka kwa kazi kubwa. Wameona kwamba viazi vililiwa bila kusomwa, na vikiliwa viwili havikosi kuliwa zaidi, hivyo sura ya arobaini na zote zinazoizunguka yaelekea zimekwisha liwa, na kuliwa hakuifuti amri. Wameona pia ni aibu Wakristo kula Neno bila kulisoma. Kwa hiyo, kuanzia kesho, kiazi chochote kisitiwe sufuriani kabla hakijasomwa kwa sauti, kila siku, asubuhi na jioni. Msomaji atakuwa Mama Naliaka, ambaye ameshazoea. Atasoma baada ya kulima.

Nanyama aliona uchungu mkali. Alitaka kulia, akaona atawapa la kumwombea, akajizuia. Kosgei akafunga kikao kwa sala ndefu, mvua ikamsindikiza hadi Amina.

Uamuzi ulifuatwa kikamilifu. Mwezi haujaisha, kijiji kile kilikuwa kinajua Maandiko kuliko mahali popote pa karibu. Wachuma pareto walibishana juu ya Mhubiri kwenye mistari ya maua. Wakamuaji walinukuu Isaya. Mchungaji aliyepita na baiskeli alisema hajawahi kukuta waumini wanaosoma kila siku namna ile, akaandika habari zao kwa wakubwa wake. Wageni waliendelea kulima kwa Mzee Kosgei, ila sasa walilima wakijua sura na mistari.

Mvua ilikatika tarehe ishirini na nne. Tarehe thelathini na moja mnyapara alipita nyuma ya nyumba ya Nanyama na fimbo yake, akatazama pori, akakipima kishamba kwa hatua. Alimpa Kosgei, ambaye mpaka wake ulikuwa jirani na ambaye, kama mnyapara alivyosema, ana watu wa kulima. Kigingi cha mpaka kikang'olewa na kupigiliwa mbele zaidi. Naliaka, aliyekuwa na miaka tisa, alimuuliza mama yake watapanda wapi. Nanyama akamwambia amsaidie kubeba debe.

Jioni hiyo alisimama kando ya meza ya Kosgei kama uamuzi ulivyotaka, na Jelagat akamwekea kikapu. Alikitoa kile kikubwa, kilichokuwa bado hakijapikwa. Alisoma sura ya ishirini na tatu, mstari wa kumi, wote, hadi kwenye yatima, na hakuondoa macho kwa Mzee hata mara moja, maana maneno alishayajua kwa moyo.

Mzee Kosgei alisikiliza macho yamefumbwa, kichwa kimeinama.

"Amina," alisema. "Hiyo imenigusa sana. Jelagat, ikiiva nipe na chumvi."