Upepo Mzuri wa Kuchoma Nyumba

Ndani ya boma la Wolferschans nyumba zote zilikuwa za matofali. Nje ya handaki la maji, sheria ilitaka mbao tupu, ili vita vikija askari waziteketeze upesi, adui asipate pa kujificha mbele ya mizinga. Watu wa ndani waliwaita wenzao wa nje Viberiti, na wakacheka. Aaltje, mjane muuza maziwa, alikuwa Kiberiti tangu alipoolewa.

Agosti ya mwaka 1914 kengele ya kanisa ililia siku isiyo Jumapili. Ilisemekana Wajerumani wanakuja. Aaltje alikuwa anakoroga maziwa ya mgando Sajini Harm alipoingia, kofia mkononi. Harm huyo alikulia nyumba ya pili, na meno yake ya kwanza aliyang'olea kwenye chapati za Aaltje.

"Shangazi, toa vyombo."

"Umewaona hao Wajerumani?"

"Bado."

"Basi ngoja uwaone. Kuni zangu unazijua, kavu. Hazitakuchelewesha."

Harm aliinamisha kichwa, akaenda kumwomba kapteni. Aaltje hakutoa hata kijiko. Alifagia, akaupaka mlango mafuta, akayapanga upya masahani ya buluu ukutani, kama mtu anayengoja mgeni wa heshima. Nyumba safi, aliwaza, nani ana moyo wa kuichoma?

Harm alirudi na askari wenye mafuta ya taa.

"Kapteni amekataa?"

"Anasema upepo leo ni mzuri, unavuma kuelekea kinamasini. Kesho ukigeuka, cheche zitaruka hadi ghala la baruti."

"Kwa hiyo si Wajerumani. Ni upepo."

"Shangazi, nihurumie."

"Nikuhurumie wewe!"

Waliokoa kitanda, birika la shaba na mbuzi. Masahani yalipasuka moja moja ndani ya moto, na kila moja Aaltje alilijua kwa mlio wake. Juu ya ukuta wa boma watu walijipanga kutazama. Dada yake, Hilletje, alikuwa miongoni mwao, amefunika pua kwa aproni.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili halikuwepo, wala halikuja. Wajerumani walipita Ubelgiji, nchi ya jirani, na Wolferschans haikufyatua risasi hata moja, ila ya kuua bata.

Aaltje alihamia darini kwa Hilletje, juu ya viazi. "Shukuru," Hilletje alimwambia kila walipokula maharage, "sasa uko ndani ya ukuta."

Vita vilipokwisha, Harm alimkuta kiwanjani kwake, akimfunga mbuzi kwenye majani.

"Habari njema, Shangazi. Umeruhusiwa kujenga."

Moyo ukamruka. "Kwa matofali?"

Harm akajikuna shingo. "Mbao. Sheria bado ni ile ile."

Aaltje alimtazama miguuni. Harm alikuwa amesimama palipokuwa jikoni, kwenye majivu yaliyoota upupu.

"Toka nyumbani kwangu," alisema.

Harm alitazama kushoto na kulia, asijue apitie wapi.