Nyumba Zisizoagwa

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumanne moja ya Septemba 1974, Costancia alikaa kwenye usukani wa lori la ofisi pale Kilosa, akatia ufunguo. Goti la kushoto, lile la klachi, likaanza kutetemeka. Akauchomoa ufunguo, akashuka, akaenda kwa mkuu wa usafirishaji, Bwana Cleopa.

Bwana Cleopa alikuwa ameshachoka. Dereva huyu alikuwa ameendesha miaka mitatu bila kugonga hata kuku. Hofu ilimwanza mwezi uliopita, alipopewa kazi ya kuwahamisha watu wa vilima vya Kidete kwenda kijiji kipya cha ujamaa karibu na Mikumi.

"Ni zile nyumba?"

"Ndizo, mzee. Zinanifuata."

"Jana zilikuwa ngapi?"

"Kumi na saba. Baada ya hapo vumbi lilizidi."

"Dereva asiyejua idadi ya vilivyo nyuma yake!" Cleopa akaguna.

Ofisi ilikuwa imefanya yote iliyoyaweza. Zahanati ilimpa aspirini. Fundi alikiondoa kioo cha pembeni, lakini Costancia aliendelea kuzisikia nyumba zikigongesha milango, basi kioo kikarudishwa. Askari wa barabarani aliandika kulalamika kwamba nyumba zinatembea bila taa za nyuma. Cleopa akamjibu kwa barua kwamba nyumba si mali ya ofisi. Jana dereva alikuwa ameishia Kilosa, katikati ya safari. Abiria walilala uwanja wa shule, na nyumba zao zililala ng'ambo ya reli.

"Sikiliza, dada. Leo usipofika Mikumi, kesho nakurudisha kwenye ufagio. Leseni nitaifungia kabatini."

Costancia alikuwa ameifagia ofisi ile miaka sita kabla ya kujifunza udereva. Akarudi kwenye lori. Watu na vitanda vyao walikuwa wamekwisha kupanda. Ndani, kati yake na utingo wake Anselmi, aliketi Bibi Hildegarda, ambaye kwa umri wake hakuweza kukaa nyuma.

Waliondoka. Nyumba zikavuka reli moja moja, zikafuata kwa mwendo wa watu waliochelewa kanisani. Kila Costancia alipotazama kioo, lori lilikwenda upande.

"Dada Kosta, utatutia mtaroni," Anselmi alisema. "Aliye nyuma akikusumbua, si unampa njia apite?"

Ushauri ulikuwa wa busara. Costancia akasogea kando, akasimama, akapunga mkono dirishani. Nyumba nazo zikasogea kando, zikasimama. Anselmi alishuka, akazipungia kwa fulana yake mpaka akachoka.

"Zina adabu kuliko mabasi," alisema aliporudi. "Hazipiti."

"Mnafanya nini, wanangu?" Bibi Hildegarda aliuliza.

"Bibi, nyumba zinatufukuza."

"Nani kakwambia zinafukuza? Ile ya mbele ni yangu. Haijaagwa."

Akaeleza, kwa uchovu wa mtu anayeeleza jambo la kitoto, kwamba kwao anayehama huingia ndani, hushika nguzo ya kati na kuitajia nyumba jina la mahali anapokwenda. Nyumba isiyoagwa hudhani mwenyewe kaenda kisimani. Akikawia, humfuata.

"Sasa mbona hamkuziaga?" Costancia aliuliza.

"Si wewe uliyetusomea kwenye kipaza sauti? Ulisema tutarudi Jumamosi kuchukua vilivyobaki. Anayerudi haagi."

Costancia aliikumbuka karatasi ile, iliyopigwa chapa na Bwana Cleopa. Aliikumbuka pia orodha ya safari iliyobandikwa ukutani, ambayo haikuwa na safari ya kurudi. Alikuwa ameziona zote mbili asubuhi moja, akasoma ile aliyopewa. Tangu hapo alikuwa akiogopa kwamba nyumba moja ingemfikia na kumwuliza ni Jumamosi ipi.

Akashuka, akaenda kwenye nyumba ya mbele, akapiga hodi. Akaiambia kwamba hakuna Jumamosi.

"Imesikia?" alimwuliza bibi aliporudi kwenye lori.

"Imesikia. Ila imeshatoka. Itarudi kwa nani?"

Goti lilikuwa limetulia. Costancia aliendesha kilomita kumi na tano kwa saa ili nyumba kuukuu zisiachwe, na saa tisa alasiri wakafika. Mpimaji aliyekuwa zamu alizikagua nyumba, akaifunua ramani, akasema viwanja vimenyooshwa kwa kamba na nyumba hizi hazimo. Zikaamriwa zisimame ng'ambo ya mtaro. Wenyewe walipewa turubai, wakakatazwa kuingia humo mpaka barua itoke. Maji yalikuwa umbali wa saa moja na nusu kwa miguu. Barua haikutoka.

Siku ya pili Bwana Cleopa aliandika katika jalada kwamba dereva amepona na kwamba, kwa kuwa amepona, aongezewe vitongoji viwili vya kuhamisha. Akamkabidhi karatasi ya kusoma.

"Maneno ni yale yale?"

"Yale yale. Usinichoshe."

"Basi nitakuwa nachelewa. Nyumba za huko juu ni nzito, hazitaki haraka."

Cleopa alishusha pumzi, akafungua tena jalada, na kwenye nafasi ya mwendo wa gari akaandika: *wa nyumba*.