Msumari wa Kumi na Tisa

Mama alikata tiketi kama mgeni yeyote, akapanga foleni nyuma ya baba mmoja na wanawe wawili, mkoba kaukumbatia kifuani. Nilikuwa nagawa kofia ngumu mdomoni mwa pango nilipomwona.

"Mbona hukuniambia unakuja?" nilimnong'oneza.

"Ningekwambia ungenizuia. Nimekuja kusikia mnavyomtaja baba yako."

Kofia zetu zina namba, na kila moja ina msumari wake ukutani. Kundi likitoka na msumari ukabaki mtupu, kuna mtu ndani, na hakuna kundi jingine linaloingia mpaka apatikane. Sheria hiyo aliiweka baba, aliyeongoza wageni humu miaka ishirini na miwili, wenzake wakimwita Popo kwa kuwa alizijua kona zote bila tochi. Siku aliyokufa, msumari wa kumi na tisa ulibaki mtupu. Wiki ya pili ofisi ikatundika hapo kofia mpya, kazi ikaendelea. Mama alipofika mbele yangu, ndiyo iliyokuwa imebaki. Nikamvisha.

Tulishuka ngazi. Nikawaeleza wageni jinsi mlima ulivyotema moto, zaha, uji wa mawe yaliyoyeyuka, ikatiririka, juu ikaganda na chini ikaendelea kwenda zake, hata ikaacha njia hii ya mawe meusi. Watoto walipiga kelele wapate kusikia mwangwi. Mama alitembea akipapasa ukuta, na mimi moyoni nilikuwa nahesabu hatua zilizobaki kufika chumba cha mwisho.

Ukweli wa chumba hicho ni mfupi. Saa nane mchana, meneja wa wakati ule alimrudisha baba ndani akafuate kamera ya mgeni. Baba alisema dari linamwaga vumbi. Akaambiwa mgeni anasubiri. Dari likaporomoka, na ofisi ikasema kumfukua kutaangusha na lililobaki. Wakaweka uzio mbele ya mawe, na taa nyekundu. Meneja yule akapandishwa cheo.

Kisha tukapewa karatasi ya maelezo. Ilisema palikuwa na mwongozaji mlevi aliyeingia peke yake usiku, na kwamba ukinyamaza utasikia akiita. Mlevi hujiua mwenyewe. Hakuna wa kuulizwa. Nilipoisoma mara ya kwanza niliapa kuacha kazi. Sikuacha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama miaka mitatu mpaka mgongo ukazoea. Nyumbani nilimwambia mama kuwa wageni huvua kofia tukilitaja jina la mumewe. Alipenda nimrudie hiyo habari ya kofia, nami nilimrudia bila haya.

Kwenye uzio tulisimama. Meneja mpya, ambaye hakumjua Popo wala hakujua mimi ni mtoto wa nani, alikuwa nyuma yetu na daftari, akikagua kazi yangu. Desturi ni kuzima taa zote dakika moja na kusimulia gizani. Nikazima.

"Hapa," nilianza, "palikuwa na mwongozaji mmoja..."

Nilisikia pumzi ya mama karibu na bega langu. Meneja akakohoa.

"Mlevi," nikasema.

"Hakuwa akinywa." Sauti ya mama haikupanda. "Alikuwa keshatoka. Wakamrudisha afuate kamera. Aliwaambia dari linamwaga vumbi. Yumo humo, chini ya hayo mawe, na chakula chake cha mchana nilikimwaga siku ya tatu."

Mtu mmoja alishusha pumzi. Halafu wakapiga makofi, kundi zima. Nilipowasha taa, yule baba wa watoto alikuwa akijifuta machozi. "Kumbe mna waigizaji!" alisema. Mama aliwatazama mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi. Bora angenizaba kibao.

Nje, meneja alinivuta kando, uso umemchangamka. "Yule bibi umemtoa wapi? Hiyo ya kamera ni kali kuliko ya mlevi. Aje kila Jumamosi."

Mama alikuwa keshaupita ukuta wa misumari. Alikuwa akiteremka kuelekea barabarani, kofia ingali kichwani.

"Aa, anaondoka na kofia yetu! Mkimbilie. Unamjua?"

"Ni mjane wa yule mlevi," nilisema. "Na mimi ni binti wa mlevi."

Alicheka kidogo, akaniangalia usoni, akaacha. Kundi lililofuata lilikuwa limeshajaa kwenye mabenchi, watu wakitazama saa zao. Alitoa kofia ya akiba sandukuni, akanyoosha mkono kuitundika kwenye msumari mtupu.

Niliufunika msumari kwa kiganja changu.

"Hawaingii," nikamwambia. "Bado kuna mtu ndani."