Kiangazi cha Ulaya

Sijawahi kukanyaga Ulaya, lakini Kampala nzima hakukuwa na mtu aliyeijua kunishinda mimi, Naila. Nilikuwa nakata tiketi katika ofisi moja ya safari kwenye Barabara ya Kampala. Ukutani nyuma yangu ilining'inia kalenda ya Kifaransa aliyoiacha mwenye ofisi, Mhindi, alipofukuzwa mwaka sabini na mbili. Kila mwezi ulikuwa na picha yake. Kwa kalenda hiyo nilijua maua yanachanua lini, mvua zao za kipumbavu zinaanza lini, na ni mwezi gani Wazungu wanavua nguo bila kulazimishwa na mtu. Mteja akiniuliza wakati mzuri wa likizo ya Ulaya, namjibu bila kupepesa macho: Juni hadi Septemba. Sikuwahi kumdanganya hata mmoja. Ukoo wetu ulitoka pwani na biashara, na kwetu mtu akidanganya bei tunamcheka tu, lakini akidanganya maana ya neno, wazee hawamwaliki tena mezani.

Ofisi alikuwa amegawiwa Kapteni Sulaimani wa usalama. Hakujua tofauti ya tiketi na risiti, ila alikuwa na muhuri, na bila muhuri wake hakuna mtumishi wa serikali aliyepanda ndege. Alikuja kila siku saa sita mchana, akaomba chai, akagonga cha kugonga, akaenda zake. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kila kitu ni "hii" na "iko". Masikio yaliniuma, lakini nani anamsahihisha mtu mwenye bastola?

Februari ya mwaka sabini na saba akaingia Inspekta Onen wa kituo cha polisi cha Wandegeya, pamoja na mkewe Rosalba na watoto wawili. Jua lilikuwa linalainisha lami, na yeye amebeba koti zito mkononi.

"Dada Naila, mimi nataka kwenda Ulaya. Likizo. Na familia."

Nilifurahi, maana ulikuwa umepita muda sijapata mteja wa kumfundisha. Nikaiteremsha kalenda, nikaanza. Aprili kuna maua lakini mvua haziaminiki. Juni siku ni ndefu. Septemba watu wamepungua na matunda yameiva.

"Iko ndege ya leo?" akauliza.

"Leo! Inspekta, leo ni Februari. Tazama mwenyewe." Nikamwonyesha: barafu hadi madirishani, na mbwa amevalishwa koti. "Mtakufa kwa baridi."

Onen akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Kufa ya baridi si mbaya," akasema. "Alum, rafiki yangu, alikwenda likizo Jumanne. Yeye hakuuliza mwezi. Waliweka yeye ndani ya buti ya gari."

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Mwezi ule polisi wa kaskazini walikuwa wanachukuliwa mmoja mmoja na watu wa usalama, na aliyechukuliwa hakurudi. Nami nilikuwa hapo nikimhubiria mtu habari za matunda.

Isitoshe, ukoo wetu ulikuwa na deni kwa Onen, deni la uongo. Mwaka uliotangulia askari walimkamata kaka yangu Nasser, mwadhini wa msikiti wetu, akienda kuadhini alfajiri kabla amri ya kutotembea usiku haijaisha. Walitaka kumpeleka gereza la Luzira. Onen akaandika kitabuni kwamba ni mlevi, akamweka kituoni saa mbili tatu, akamwachia, kwa sababu mlevi hakuogopwa na serikali yoyote. Nasser yu hai na anaadhini. Baba hadi leo ananuna kwamba jina la ukoo limechafuliwa kwa pombe.

Nikawakatia tiketi nne za alasiri ile ile. Ukabaki muhuri, na nje nikasikia gari la Kapteni. Nikairudisha kalenda ukutani na kuifunua haraka hadi Julai: ufuko, jua, na Wazungu wamelala nusu uchi kama mukene, dagaa wetu wa ziwani, walioanikwa.

Kapteni aliingia, akaziona tiketi.

"Hii polisi nakwenda wapi?"

"Likizo Ulaya, afande."

"Kwa nini sasa? Mutu ya kaskazini, haraka-haraka hii ya nini?" Mkono wake ulikuwa umeshuka kwenye bastola. Rosalba akawavuta watoto karibu.

"Ni majira, afande," nikasema. "Sasa ndiyo kiangazi."

Neno lilitoka lenyewe. Kwetu Februari ni kiangazi kweli, vumbi hadi kwenye chai, na yeyote anaweza kuchungulia dirishani akahakikisha.

"Kiangazi? Uko Ulaya?"

"Jua ni moja tu, afande. Likiwaka hapa, kule lizimwe na nani?"

Nilimwona babu yangu, mwalimu wa chuo, akigeuka kaburini. Kapteni alichungulia barabara iliyokuwa inaungua, kisha akaigeukia kalenda. Aliwachunguza wale wanawake wa ufukoni kwa bidii ambayo sikuwahi kumwona nayo katika kazi nyingine yoyote. Halafu kidole kikapanda juu.

"Hii neno. Juillet. Iko mwezi gani?"

"Februari, afande. Kwa Kifaransa."

"Na hii koti ya nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, nami niliuona mwisho wake pale kwenye koti mkononi mwa Onen, lenye vifungo vikubwa vya kahawia.

"Ya ndani ya ndege," nikasema. "Kule juu karibu na mawingu kuna baridi."

Kapteni akaitikia kwa kichwa taratibu. "Kweli. Mimi nilipanda ndege kwenda Arua. Baridi mingi." Akagonga muhuri mara nne. "Siku moja mimi pia nitakwenda hii kiangazi."

Walipotoka nilimmwagia Kapteni chai mezani, akanigombeza kwa uzembe.

Mwezi wa nne nikapata kadi yenye picha ya mtaa uliofunikwa na barafu. "Dada Naila, kiangazi ilitupiga vibaya. Rosalba alilala na koti mwezi mzima. Sisi wote tuko." Nililia, nikaificha ndani ya kopo la sukari, kwa sababu siku zile hakuna aliyetarajia kukuta kitu ndani ya kopo la sukari.

Miaka miwili ikapita. Februari ya sabini na tisa majeshi ya Tanzania yalikuwa yanapanda kutoka kusini. Redio ilitangaza ushindi wetu kila siku, na kila ushindi ulikuwa karibu zaidi na Kampala. Siku moja Kapteni Sulaimani akaingia na sanduku, amevaa shati la maua la mikono mifupi. Dereva wake, askari mwenye bunduki, akabaki mlangoni.

"Naila. Mimi nataka ile kiangazi. Ndege ya leo." Akaifunua kalenda mwenyewe. "Juillet. Februari ya Kifaransa. Sijasahau."

Ningeweza kumkatia, ndege ilikuwepo. Lakini nilimkumbuka Alum, ambaye sikuwahi hata kumwona sura, na hasira ikanipanda.

"Samahani, afande. Nilikosea Kifaransa. Juillet ni Julai. Februari ndiyo hii." Nikamfunulia barafu na mbwa mwenye koti.

Akaitazama picha, akanitazama mimi. Niliona hesabu ikimjia polepole.

"Basi ile polisi..."

"Alipata baridi sana, afande."

Mkono wake ukaenda kiunoni. Hapakuwa na kitu, shati la maua halivaliwi na bastola. Nilikuwa na hofu, sikatai, lakini sikurudi nyuma.

"Mimi nataka leo," akanong'ona.

"Haraka ya nini, afande?" nikauliza, kwa sauti ya kumfikia dereva. "Redio inasema tunashinda."

Dereva akageuza shingo, akamwangalia bosi wake, kisha sanduku. Kapteni akajinyoosha shati.

"Ndiyo," akasema. "Tunashinda."

"Basi Julai. Ndiyo wakati mzuri wa Ulaya, muulize yeyote."

Ulikuwa ukweli mtupu, ule ule niliokuwa nawapa wateja wote. Kampala ilianguka Aprili, lakini siku ile hakuna aliyeijua tarehe. Nikamwandikia tiketi ya tarehe mbili Julai, kiti cha dirishani, nikamsogezea na kumkumbusha kwamba bila muhuri si halali. Dereva alikuwa bado anatazama. Kapteni akautoa muhuri mfukoni, akaugonga mwenyewe.